Mukabaranga Aliyekama kwa Mdomo

Karekezi alipomaliza kusoma shairi lake, hakuna aliyepiga makofi. Baba yake mdogo, Sebahire, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi akichokonoa meno kwa kijiti, na alipofungua kinywa hakumjibu Karekezi. Aliwageukia ng'ombe.

"Mumesikia?" akawauliza. "Mutoto anasema mama yangu alikama ninyi kwa mikono yake."

"Sikusema hawa," Karekezi akasema. "Nilisema Bihogo, mama yao."

"Bihogo alikufa. Hawezi kukukatalia. Njo sababu umemuchagua."

Daphrose, mke wa Sebahire, alicheka huko alikokuwa, jikoni. Karekezi alihisi masikio yakiwaka moto. Alikuwa hajafika miaka ishirini, alijifunza kutunga peke yake, kwa kuwasikiliza wazee wakisifu ng'ombe wao kwenye harusi na kwa kurudiarudia maneno njiani mpaka yakae sawa, na hakuna kitu alichokichukia kama kuchekwa na mtu aliye jikoni.

Ulikuwa mwanzo wa kiangazi, mwaka wa 1957, kwenye kilima kimoja cha Masisi. Zilibaki siku kumi waondoe matanga ya Mukabaranga. Kwa Sebahire, Mukabaranga alikuwa mama. Kwa Karekezi alikuwa nyanya, na mama pia, maana baba na mama yake Karekezi walikufa kwa homa mwaka ule ule familia ilipofika kutoka Rwanda na ng'ombe wake, naye akiwa bado ananyonya. Mukabaranga ndiye aliyembeba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kicheko kilichosikika mpaka kilima cha pili. Alizika watoto wanne. Alitembea na siagi kichwani mpaka Kirotshe kumpelekea mgonjwa asiye ndugu yake. Uzeeni alibatizwa akachagua jina la Rosalie kwa sababu lilimpendeza masikioni, kisha hakuitika kwa jina hilo hata siku moja.

Karekezi alitaka hayo yote yasemwe mbele ya watu, na zaidi ya yote lisemwe jambo la mwaka 1942. Ndilo lililokuwa moyo wa shairi lake:

*Wanaume walipokwenda, mwiko ulibaki mlangoni.*
*Akaupiga teke, akapita,*
*akapiga goti chini ya Bihogo*
*na mikono yake ikanyesha mvua nyeupe.*

Mstari ule wa mwisho aliupenda kiasi cha kulala nao mwezi mzima.

Lakini ndio uliomuudhi Sebahire. Kwa wafugaji wale, mwanamke alikuwa na kazi zote za maziwa isipokuwa moja. Aliosha vyombo, akavifukiza kwa moshi wa majani yenye harufu nzuri, akasukasuka kibuyu mpaka siagi ijitenge. Kushika chuchu ya ng'ombe, hapana. Hiyo ilikuwa kazi ya mwanaume, na mwanamke aliyeshika alisemwa kwamba ameharibu kundi zima.

"Maziwa yetu inakwenda misioni kila asubuhi," Sebahire akasema, sasa bila mzaha. "Unataka watu waseme inatoka kwa ng'ombe zilizoharibika? Na tena iko uongo. Munyakazi njo alikama. Kila muntu wa hii kilima anajua."

Kweli, kila mtu alijua. Mwaka ule wa vita vya wazungu, serikali iliwachukua wanaume kwenda kuvunja mawe ya barabara ya Walikale. Mume wa Mukabaranga, mzee Kayitare, alikwenda, na Sebahire alikwenda. Nyuma yao ukazuka ugonjwa wa ng'ombe. Serikali ikafunga njia ya juu kwa kamba, ikaweka polisi, na hakuna mfugaji aliyeruhusiwa kutoka kilima kimoja kwenda kingine, asije akabeba ugonjwa miguuni. Mukabaranga akabaki peke yake na ng'ombe watatu na mjukuu mgongoni. Wanaume waliporudi walikuta ng'ombe wazima na mtoto mnene. Walipouliza nani alikuwa anakama, Mukabaranga alicheka akaenda kusuka maziwa. Basi wakamfikiria jirani yao Munyakazi, kwamba alikuwa akipita chini ya kamba alfajiri. Wakamshukuru. Munyakazi hakukataa. Tangu siku ile, kila mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, uliofunguliwa katika boma lile, mrija wa kwanza ulikuwa wake.

"Mimi nilimuuliza Mama mwenyewe," Karekezi akasema. "Alisema niulize Gustave wa Walikale."

"Gustave gani?"

"Muwindaji. Alikuwa anapandisha mawese na nyama kavu."

Sebahire akatupa kijiti. "Mulete. Akisema mbele ya watu vile unasema, utasimama na utasema shairi yako mpaka jua lizame. Akisema ingine, utafunga kinywa, na mimi nitataja Munyakazi, njo basi."

"Nitamuleta!"

"Na njia ikikula viatu yako," Daphrose akapaza sauti toka jikoni, "usikuje kunililia."

Karekezi aliondoka asubuhi iliyofuata. Alipita Nyabiondo, mahali ambapo wanawake walikuwa wakipiga maharage kwa fimbo nao wakamuuliza anakimbia deni gani. Alishuka kutwa nzima. Majani ya malisho yakaisha, migomba ikazidi, kisha miti ikafunga juu ya njia na hewa ikawa na harufu ya majani yaliyolowa. Viatu vilikufa siku ya pili. Siku ya tatu, mchana, aliingia katika kijiji kidogo cha Walikale akiwa peku, akauliza Gustave ni nani, na wote wakamwonyesha mtu mfupi mwenye kifua kipana aliyekuwa akishona wavu wa kuwindia pamoja na mke wake, Colette.

"Mimi ni mujukuu wa Mukabaranga wa Masisi," Karekezi akasema.

Gustave aliacha wavu. "Wewe njo ule mutoto? Ule wa mugongoni?" Akamzunguka, akimpima kwa macho. "Colette, ona! Maziwa yangu imeota ndevu!"

Karekezi hakuelewa. Alimpa kwanza habari ya msiba. Gustave akakaa chini, akafunika uso kwa mikono. Kisha Karekezi alieleza yaliyomleta, na kwa sababu hakuweza kujizuia, akasimama akalisema shairi lote, kwa sauti, huku kuku wakimkimbia. Kwenye mstari wa mvua nyeupe alinyanyua mkono.

"Ni maneno matamu," Gustave akasema. "Matamu kabisa. Lakini haikuwa vile."

"Haikuwa vile namna gani?"

"Mama yako hakugusa chuchu. Hata moja. Aliyekama ni mimi."

"Miezi miwili karibu," Colette akaongeza. "Watu walikuja kuniuliza bwana yangu eko wapi. Niliwaambia ameoa ng'ombe."

Karekezi na Gustave walipanda pamoja siku ya pili yake, na njiani Gustave akasimulia, akisimama kila mara ili aonyeshe kwa mikono.

Alifika kilimani siku ile kwa njia ya chini, ya msituni, ambayo haikufungwa kamba kwa sababu watu wa msituni hawakuwa na ng'ombe. Alikuwa na mawese ya kubadilisha na siagi. Alimkuta Mukabaranga amesimama hatua tatu kutoka kwa Bihogo, mikono nyuma. Ng'ombe alikuwa akilia. Ndama wake alikufa siku iliyotangulia, na kiwele kilikuwa kimevimba kama mtungi. Ng'ombe wengine wawili walikuwa na mimba, hawatoi kitu. Mtoto mgongoni, midomo imepasuka, alikuwa amekataa uji, amekataa mchuzi, anataka maziwa tu. Maziwa yalikuwa hatua tatu mbele yake. Mukabaranga alimtazama Gustave, kisha akaitazama mikono yake.

"Hizi mikono yako," akamwuliza, "imekwisha kushika ng'ombe?"

"Mama, kwetu nyama ya pembe kubwa namna hii, unaipiga mukuki ao unapanda muti."

"Hapa hakuna muti. Nawa mikono."

Bihogo asingeachia maziwa bila kunusa ndama wake. Kwa hiyo Mukabaranga alimwambia Gustave achukue ngozi ya yule ndama aliyekufa, aipake chumvi, aipeleke mbele ya Bihogo ailambe. Mfugaji yeyote angeitandika juu ya nguzo ya zizi. Gustave alikuwa mwindaji. Kwao, mtu akipewa ngozi aipeleke mbele ya mnyama, anajua la kufanya. Aliivaa. Akainama kwa mikono na magoti, akatambaa upande wa kinyume cha upepo, na alipomfikia Bihogo akatoa sauti ya ndama, tena vizuri sana, maana sauti za wanyama zilikuwa ufundi wake.

Bihogo alinyamaza. Akainamisha kichwa, akaanza kumlamba Gustave shingo, masikio, kipara.

"Niliuliza, Mama, sasa nifanye nini? Hakujibu. Nilifikiri amekimbia. Kumbe amekaa chini kwa majani, anacheka, hawezi kupumua. Na wewe mugongoni, na ile midomo yako ya kupasuka, wewe pia ukacheka. Alisema njo mara ya kwanza tangu siku ine. Kiisha akaniambia: 'Gustave, kichwa ya ng'ombe imepata mutoto. Sasa kule nyuma nani atakama?'"

Walitundika ngozi juu ya nguzo. Gustave akaenda nyuma, na Mukabaranga, hatua tatu kando, mikono yake ameikunja kifuani kama aliyeifunga kwa kamba, akaanza kumkamisha kwa mdomo. Alimwambia kila kidole kinapokaa. Maziwa ya kwanza yaliruka yakamwingia Gustave jichoni. Ya pili yakaingia kwenye sikio la mbwa. Jua lilipofika juu ya kichwa, chombo kilikuwa nusu, na mtoto alikunywa akalala.

Gustave alikaa nao mpaka wanaume walipokaribia kurudi. Siku ya mwisho Mukabaranga alimpa mitungi miwili ya siagi na kumwomba jambo moja. "Bwana yangu eko na kiburi," alisema. "Akisikia kwamba muntu wa pori, aliyevaa ngozi, alishika Bihogo, atauza ng'ombe kwa haya. Niachie, nitamuambia siku akiwa na roho muzuri." Mzee Kayitare alikufa miaka miwili baadaye. Siku hiyo haikufika.

Karekezi peke yake alisikiliza yote bila kucheka. Wapita njia waliokuwa wakifuatana nao walicheka mpaka wakaweka mizigo chini.

"Basi hakuvunja mwiko," akasema mwishowe.

"Alivunja mbavu yangu."

Karekezi alitembea mbele, akachuna majani, akayatupa. Shairi lake zuri kuliko yote lilikuwa limelala chini kama ndama wa Bihogo. Na kulikuwa na ile ahadi ya Sebahire: shahidi akisema vingine, kinywa kifungwe. Kabla ya Nyabiondo alisimama.

"Papa Gustave. Mama amekufa. Hakuna atakayejua. Ungesema tu kwamba alikama, neno moja, mimi ningesimama ningemusifu vile anastahili. Ukisema kweli, watasifu wewe na watasahau yeye."

Gustave alimtazama. Hakukasirika, na hilo lilimuuma Karekezi zaidi.

"Wewe unatafuta mama mwingine?" akauliza. "Ule wako hakutosha?"

Karekezi akashika njia tena, akitangulia, mpaka walipoona moshi wa nyumbani.

Siku ya kuondoa matanga boma lilijaa. Watu walitoka vilima vitatu, katekista alisali, na mtungi wa kasiksi ulipowekwa katikati, mzee Munyakazi alikuwa tayari ameinama na mrija mdomoni. Sebahire alisimama akamleta Gustave mbele.

"Huyu ni shahidi wa mutoto wetu. Papa, sema. Mwaka ule, mama yangu alikama?"

"Hapana," Gustave akasema.

Karekezi alifumba macho. Alisikia Sebahire akivuta pumzi ya kupoa moyo.

"Basi ni Munyakazi."

"Munyakazi gani?" Gustave akauliza. "Huyu? Mimi nilikaa pale kila siku. Huyu sikumuona hata kivuli."

Watu wote wakamgeukia mzee. Munyakazi aliutoa mrija mdomoni, akaufuta taratibu.

"Mimi sikusema nilikama," akasema. "Hata siku moja. Muulize muntu yeyote. Nilifika kwenye kamba, polisi akakohoa, nikarudi kwangu. Kiisha ninyi mukakuja na pombe, munanishukuru, munalia. Ningekataa pombe ya wenyeji?"

Kicheko kilipasuka kutoka upande wa wanawake kikalizunguka boma. Hata katekista aligeuka akatazama migomba. Gustave akapata nafasi yake akasimulia yote, na alipofika kwenye kutambaa na ngozi mgongoni ilibidi arudie mara mbili, kwa sababu wale wa nyuma hawakuona.

Sebahire alikuwa mtu wa haki, japo mgumu. Watu walipotulia alisema: "Sawa. Leo tumejua. Jina la hii siku ni Gustave. Aliyeokoa ng'ombe zetu ni Gustave, na nitamusifu mimi mwenyewe."

Karekezi alisimama nusu. Hicho ndicho alichokiogopa tangu njiani. Lakini mkataba ni mkataba, na alikuwa amefungwa kinywa mbele ya watu wote. Daphrose alimkazia macho: kaa.

"Mimi?" Gustave akasema. "Papa Sebahire, leta ng'ombe."

"Wa nini?"

"Leta tu."

Wakaleta ng'ombe mmoja mwekundu, mjukuu wa Bihogo, na ndama wake. Ndama alinyonya kidogo, akafungwa mbele ya mama yake. Gustave akanawa, akachukua chombo cha mti, akachuchumaa. Akashika, akavuta. Hakuna kitu. Ng'ombe akarusha mguu, Gustave akaruka nyuma akaanguka juu ya chombo, na vijana wakaanza kuguna kwa kujizuia kucheka.

"Munaona?" akasema, bado amekaa chini. "Miaka kumi na tano. Mikono ni ile ile. Lakini siku ile ilikuwa na sauti nyuma yangu. Bila ile sauti hii mikono haijui kitu. Sasa, munataka kusifu mikono?"

Karekezi alikuwa na shairi zima kifuani, mwiko, teke, mvua nyeupe, na lote halikufaa kitu. Alimwona Gustave anarudi kuchuchumaa, tena upande wa kushoto, upande ambao ng'ombe hapendi, na kabla hajafikiri, kinywa chake kikasema:

"Kaa kuume."

Gustave akahamia kuume.

"Paji la uso kwa mbavu," Karekezi akasema. "Chombo kati ya magoti." Maneno yalikuja yenyewe. Hakuwa ameyatunga yeye. Yalikuwa yale aliyofundishwa nayo kukama akiwa na miaka saba, na Mukabaranga amesimama hatua tatu nyuma yake, na hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba yana mwendo, kwamba yanatua mahali pake kama nyayo za mtu anayeijua njia. "Usivute, bana. Bana kwa juu, achia kwa chini. Huyu anatoa, huyu anangoja..."

Akakwama. Mstari uliofuata ulikuwa umepotea.

"Usimuangalie," sauti nzito ikasema. "Musikilize."

Alikuwa Sebahire. Alikuwa bado amesimama katikati ya boma, macho ameyakaza kwenye kiwele, na vidole vyake viwili vilikuwa vikibana hewa, vikiachia, vikibana.

Maziwa yakagonga chini ya chombo.

"Nani alikufundisha, Papa?" Karekezi akamwuliza, kwa sauti ya chini.

Sebahire alivitazama vidole vyake. "Baba alikuwa daima kwa wakubwa wake, si nyumbani," akasema. "Mimi pia, ni Mama."

"Na mimi," akasema Straton, mtoto wa Munyakazi, kule nyuma. "Nilikuwa nakuja hapa kujifunza. Baba alikuwa kwenye mutungi."

"Nyamaza wewe," Munyakazi akasema.

Wengine walinyanyua mikono, vijana na wazee, karibu nusu ya wanaume wa kile kilima, na kila mmoja aliona haya kidogo. Gustave hakuwangoja. "Semeni!" akafoka. "Ng'ombe anaanza kufunga!"

Basi Karekezi akaanza tena toka juu, na Sebahire hakumzuia. Aliposema *kaa kuume* boma lote lilijibu, na aliposema *huyu anatoa* wanaume wakasema *huyu anangoja*, na wanawake, ambao hawakuwa wamegusa chuchu maisha yao yote, walijua kila neno kuliko wanaume, wakawasahihisha waziwazi. Kati ya mstari na mstari Karekezi alitia jina moja tu, Mukabaranga, wala hakuongeza sifa yoyote. Shairi lake hakulisema. Hata baadaye, akiwa mtu mzima aliyeitwa harusi zote za Masisi kutunga, hakulisema kwa mtu.

Chombo kilijaa, povu likapanda juu ya mdomo wake. Daphrose akaja kukichukua, akasimama hatua tatu kando, mikono kiunoni.

"Imetosha," akamwambia Gustave. "Mwachie ndama sehemu yake. Na wewe, Karekezi, punguza sauti, ng'ombe hana uziwi."